Nani Ataingia Nami Leba?

Rwamishenye, Bukoba
12 Aprili 2025

Shangazi yangu Restituta,

Shikamoo! Tena shikamoo mbili, moja ya leo na moja ya Krismasi ile niliyoahidi kuja Kamachumu nisije. Sisi hatujambo. Datius anaendelea na kuchomelea mageti yake, nguo zote zina matundu ya cheche. Ephrasia ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anapiga mluzi kwa pengo kuanzia asubuhi. Mama mkwe wangu, Ma Anatolia, amehamia kwetu tangu Februari kwa sababu ya macho yake. Nilipomwambia nakuandikia alipapasa fimbo yake kwanza, ndipo akasema nikusalimie.

Utauliza kwa nini barua wakati simu ipo. Simu yako, Shangazi, haisikiki mpaka uweke spika, na ukiweka spika jirani zako wote wanaacha kumenya ndizi ili wasikilize. Habari hii si ya kusikilizwa na jirani. Mwalimu Julius atakuletea mkononi Jumapili akirudi shuleni huko kwenu.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Nina mimba! Inaingia mwezi wa tano! Baada ya miaka sita ya kuwaambia watu "bado, bado," sasa iko, na inanifanya nitamani senene msimu ambao hakuna senene.

Na kuna jambo la pili, ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Kule Bilele yuko mama mmoja anaitwa Salma, mkunga mstaafu. Kila Jumamosi sebuleni kwake anafundisha wanawake kazi ya kumsindikiza mjamzito. Wageni wanamwita mtu huyo doula, yeye Salma anamwita msindikizaji. Hazalishi, hapimi, hachomi sindano, hizo ni kazi za mkunga. Yeye kazi yake ni mama tu. Anaingia naye leba, anamkanda mgongo, anampa maji, anamtembeza, anamwambia hiki kinachotokea ni nini, anamwita nesi pakihitajika nesi, na haondoki. Salma anasema mama mwenye mtu wa hivyo mara nyingi uchungu wake unakuwa mfupi, hofu inapungua, na mtoto anashika ziwa mapema. Na hospitali niliyoandikishwa sasa wanaruhusu mtu mmoja aingie, mradi awe mwanamke!

Mtu huyo ni wewe. Safari ya kumzaa Ephrasia ulikuja ukashikwa na homa ukarudi. Safari hii kunywa dawa mapema.

Mwanao,
Kokugonza


Kamachumu, Muleba
27 Aprili 2025

Kokugonza mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa hiyo ulipoandika "umekaa?" nikakaa juu ya beseni la maharage. Maharage yamepona, mimi kidogo.

Nimefurahi mpaka nimeenda kumwambia mbuzi, maana wewe umenikataza jirani. Mungu asifiwe! Mwambie Datius hongera, na mwambie mke mwenye mimba halishwi moshi wa vyuma. Ephrasia ampigie mluzi mdogo wake, anasikia humo humo ndani. Hapa mvua imenyesha vizuri, migomba imenenepa, ila tumempoteza mzee Mutembei wa kule bondeni, tumezika Jumanne.

Kuhusu hilo la kusindikiza. Ni jambo zuri sana. Nimelipenda. Lakini mwanangu, Agosti na Septemba mimi niko na kahawa. Kahawa ikiiva haingoji mtu, na nikiianika nikaondoka mbuzi atailalia. Halafu goti langu la kushoto halipendi safari. Halafu paa la jiko linataka bati. Kwa nini usimchukue huyo Salma mwenyewe? Au mama mkwe wako, si yupo hapo hapo nyumbani? Amezaa wanane, anajua njia.

Ila nieleze jambo moja, nimeuliza tu: mgongo unakandwa wapi hasa? Juu au chini? Na kwa kiganja au kwa ngumi?

Shangazi yako,
Restituta


Rwamishenye
18 Mei 2025

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Poleni kwa mzee Mutembei, alinipa parachichi kila nilipopita kwake na hakuwahi kuuliza mimi ni mtoto wa nani. Huku Ephrasia anaumwa mafua, Datius amepata kazi ya geti la shule, na mtoto ameanza kucheza! Akicheza, Datius anaweka sikio tumboni kama anasikiliza mpira redioni.

Mgongo unakandwa chini, Shangazi, pale juu ya makalio, kwa kiganja, na unakandamiza wakati uchungu unapanda, si unapotulia. Salma ametufundisha Jumamosi. Tulikuwa wanawake kumi tumepiga magoti tunayumbisha viuno sebuleni, mume wake akafungua mlango, akaufunga, na hakuonekana tena mpaka jioni. Sijacheka hivyo tangu nizaliwe! Nikirudi nyumbani namwonyesha Datius. Ma Anatolia anatutazama anasema, "Sisi tulizaa kimya, hakuna aliyetukanda kama unga." Yeye ameshaanza kutafuta mtu wa kumtoa mtoto. Unajua kwao mtoto mchanga hatoki nje ya nyumba mpaka abebwe na mwanamke mwenye uzao mwingi. Ephrasia alitolewa na yule bibi wa watoto kumi, na yule bibi bado yuko na nguvu, basi Ma Anatolia ameshampelekea salamu.

Shangazi, goti lako nalijua. Goti hilo lilipanda mlima kwenda hija mwaka jana na likarudi likicheza. Basi na mimi nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu.

Kwa Ephrasia nilikuwa peke yangu. Wakunga walikuwa wawili na sisi wenye uchungu tulikuwa wengi, siwalaumu. Lakini nilidhani nakufa, na hakuna aliyeniambia kwamba sifi. Ni hilo tu. Kama mtu mmoja angenishika mkono akasema "hufi, Kokugonza, ndivyo kunavyokuwa," ningevumilia hata siku mbili. Miaka sita hii niliyosema "bado, bado," nilikuwa naogopa kile chumba.

Simtaki Salma, ana wengine. Ma Anatolia namheshimu lakini namwogopa, na mtu unayemwogopa huwezi kumlilia. Siku ya harusi yangu ni wewe uliyenishika mkono tangu mlangoni kwa baba mpaka kwa Datius, ukaninong'oneza vichekesho njia nzima ili nisitetemeke. Nishike tena.

Kokugonza


Kamachumu
22 Juni 2025

Kokugonza,

Samahani kwa ukimya. Mwalimu Julius amekuja kwangu Ijumaa tatu kuuliza kama kuna barua, na mara tatu nimempa ndizi badala ya barua. Sasa ana ndizi za kutosha. Sote wazima. Kahawa imeanza kuwa nyekundu, mbuzi amezaa mapacha, na paa la jiko nimeshalipiga bati, kwa hiyo sababu moja imekufa.

Ulichoniandikia nimekisoma nikalia. Sikujua. Ningejua ningerudi kwa miguu.

Sikuwa na homa, mwanangu. Nilifika Bukoba na mfuko wangu, nina kanga mbili mpya na chupa ya chai. Kuna mtu alinipokea mlangoni kwenu, akaniambia kwa sauti ya chini, tena kwa adabu, kwamba mkono ambao haujawahi kubeba mtoto wake haufungui njia ya mwingine. Kwamba nikiingia nitakufungia. Nilifikiri, je, kama ni kweli? Nikajiogopa mwenyewe. Nikanywa ile chai stendi, nikapanda gari nikarudi. Usiniulize ni nani. Ni maneno ambayo watu wengi wanayo, yeye aliyasema tu.

Unajua Kamachumu hii kila mwanamke anaitwa Mama Fulani. Mimi naitwa Restituta. Nimezoea, nasimamia kwaya, nasimamia mazishi, wenye wagonjwa wananiita nikae nao. Lakini chumba cha uzazi nimekipita kwa mbali maisha yangu yote.

Kwa hiyo muulize Salma wako, na asinidanganye kwa kunihurumia: mtu ambaye hajazaa anaweza kazi hiyo? Akisema hawezi, nitakutumia senene za kukaanga na dua. Akisema anaweza, kahawa itajianika yenyewe.

Restituta


Rwamishenye
6 Julai 2025

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Shikamoo, hatujambo, Ephrasia amepona, meno yanaota, tuyaache hayo!

Salma amesema UNAWEZA! Nilimsomea swali lako, akavua miwani. Alisema, "Mwambie mimi nimezalisha mamia, na wa kwanza nilimzalisha nikiwa msichana sijajua hata mwanaume. Njia ya mtoto haifungwi na mkono wa mtu. Hofu ndiyo inayombana mama, na hofu inatolewa na mtu anayejua kukaa." Halafu akauliza, "Huyo shangazi anajua kukaa na mtu?" Nikamwambia nilipougua malaria darasa la nne ulikaa kwenye kigoda siku zote nilizolazwa, ukikataa hata kunyoosha mgongo. Akasema basi umeshafuzu, umebakiza mafunzo madogo.

Ni haya. Mama asilale chali akiweza kutembea. Anywe maji kidogo kidogo. Asishike pumzi, apumulie nje taratibu kama anapoza uji. Usimwambie "nyamaza," mwambie "vizuri." Ukiona damu nyingi, au kichwa kinamuuma sana na macho yanaona giza, mwite mkunga hapo hapo, usijifanye unajua. Na mitishamba ya kuharakisha uchungu, hapana kabisa, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Hilo la mwisho nimelisoma kwa sauti kubwa, maana kuna mtu hapa alikuwa na mizizi yake kwenye kopo.

Nikuambie na jambo jingine. Barua zako huwa namsomea Ma Anatolia, macho yake hayaoni maandishi na anapenda utani wako, ile ya beseni la maharage alicheka mpaka akakohoa. Hii ya mwisho nilianza kumsomea kabla sijajua kilichomo. Nikafika pale pa homa, na pale pa mlangoni, na mdomo ulikuwa umeshatangulia. Alisimama, akachukua fimbo yake, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, na hakurudi mpaka chai yake ikapoa. Wewe hukutaja jina, na mimi sitaji. Lakini tangu siku hiyo Mwalimu Julius akipita, yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama Kamachumu wameandika.

Njoo mwisho wa Agosti! Kanga ziko wapi? Zifue!

Kokugonza wako mwenye tumbo kama ngoma


Kamachumu
3 Agosti 2025

Mwanangu Kokugonza,

Marahaba, na salamu kwa wote, na kwa Ma Anatolia peke yake salamu nyingine.

Huwezi kuamini yanayotendeka huku! Nilianza mazoezi kwa waimba kwaya. Sauti ya pili wote sasa wamenyooka migongo, na sauti ya kwanza wananuna kwamba nimewapendelea wenzao. Mzee Rutaihwa akasikia, akaja na kiuno chake, nikamkanda, akaondoka anatembea kama kijana na mke wake akanitumia mkungu wa ndizi. Halafu nikaenda kituo cha afya kumwona nesi Kamala, nikamweleza yote. Akaniambia, "Mama, mimi nakuhitaji kuliko huyo mpwa wako." Wiki iliyofuata akaniita!

Kokugonza, nimeingia. Nimeingia kile chumba. Alikuwa mke wa fundi baiskeli, mimba ya kwanza, anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Sikufanya la maana. Nilimshika, nikamwambia, "Mpola, waitu, mpola." Taratibu, mwenzangu, taratibu. Akipanda napanda naye, akishuka nampa maji. Akaniambia nakufa, nikamwambia hufi, ndivyo kunavyokuwa. Nilikuwa nakuambia wewe. Na njia ikafunguka, mwanangu! Ilifunguka wazi na mimi nimesimama pale pale! Msichana, ana sauti ya kuvunja bati. Nilitoka nje nikapiga vigelegele mpaka nesi Kamala akaniomba nikumbuke wagonjwa.

Sasa sikiliza, na usome hii kwa sauti ili Datius aelewe. Uchungu ukianza nyumbani usikimbilie kulala. Tembea. Oga maji ya uvuguvugu. Ukija ule mkali, mwinamie mtu shingoni, yumbisha kiuno, yeye akukandamize pale chini kwa viganja viwili bila huruma. Anayekushika asikuonyeshe uso wa hofu, hata kama anao. Na aimbe. Mimi naimba nyimbo za mavuno, kila mtu anazijua.

Na sheria yangu nimemwambia nesi Kamala: nikishaingia na mama, simu naizima na sitoki mpaka mtoto alie. Nakuja Bukoba tarehe 30. Mwambie mtoto asubiri, shangazi anapiga pasi.

Restituta, msindikizaji


Kamachumu
28 Agosti 2025

Kokugonza mwanangu,

Sijui nianzeje. Mwalimu Julius ameniambia umejifungua Jumatatu, wote wazima, mtoto wa kiume. Namshukuru Mungu, na naona aibu.

Jumatatu asubuhi mkwe wa Rutaihwa alishikwa na uchungu. Nikaingia naye, nikazima simu. Mtoto alikuja vibaya, ikawa siku nzima, na yule binti alinishika kidole gumba kama amefungwa nacho. Katikati ya hayo nesi Kamala alikuja akaninong'oneza kwamba mume wako amepiga simu ya kituo, kwamba wewe umeanza, kabla ya wakati. Nilimtazama yule binti. Alikuwa amesikia. Akakilegeza kidole changu ili niende.

Sikwenda. Ningeondoka ningekuwa nimemfanyia yale uliyofanyiwa wewe. Alijifungua jioni, salama. Lakini wewe uliniomba jambo moja tu maishani, na nimelikosa mara ya pili.

Mfuko wangu uko tayari mlangoni, lakini sijui kama nije. Niandikie ukweli. Ulikuwa peke yako?

Restituta


Rwamishenye
31 Agosti 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na futa machozi uanze kusoma, maana nina mengi na mtoto ananyonya mkono wangu wa kuandikia.

Jumatatu asubuhi nilikuwa natwanga karanga. Maji yakamwagika. Datius akapiga simu kwako, imezimwa. Kwa Salma, yuko Mwanza harusini. Akapiga kituo cha afya, akapewa habari. Nilipoambiwa uko ndani na mtu, Shangazi, nililia, sikatai. Halafu nikasema moyoni, huyo naye asiachwe. Tukaenda hospitali, mimi, Datius na Ma Anatolia na fimbo yake. Nesi akauliza, "Msindikizaji wako ni nani?" Datius haruhusiwi. Mimi nikatazama sakafu. Kile chumba nikakiona tena mbele yangu.

Ma Anatolia akampa Datius fimbo. Akajifunga kanga kiunoni. "Mimi," akasema.

Niliogopa, nakuambia kweli! Lakini tulipoingia tu akaniuliza, "Umekunywa maji? Restituta kasema uchungu ukishuka unywe." Nikataka kulala. "Amka, utembee. Restituta kasema usikimbilie kitanda." Uchungu ukapanda, akanivuta shingoni kwake, akanikandamiza pale chini kwa viganja vile vya kulimia, sawasawa na ulivyoandika! "Usishike pumzi, poza uji, poza uji." Barua zetu zote alikuwa nazo kichwani, Shangazi, zako na zangu, kila mstari! Na akaimba. Anaimba vibaya sana. Nesi mmoja akauliza, "Huyu Restituta ni daktari wa wapi?" Ma Anatolia akajibu bila kugeuka, "Ni mkwe wetu wa Kamachumu. Ndiye anayejua."

Nikafika pale pa kufa. Nikamwambia, mama, nakufa. Alinishika uso kwa mikono miwili. "Hufi, Kokugonza. Ndivyo kunavyokuwa." Halafu akasema taratibu, kama anajiambia mwenyewe, "Nimezaa wanane, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo." Nikamlilia shingoni kama mtoto, na yeye akalia, na mimi simwogopi tena hata kidogo. Mtoto akaja kabla ya saa tisa mchana. Anapiga kelele za kushinda mluzi wa Ephrasia, na alishika ziwa hapo hapo.

Kwa hiyo hapana, sikuwa peke yangu. Na wewe usiseme ulinikosa.

Leo ilikuwa siku ya kumtoa mtoto nje. Yule bibi wa watoto kumi alifika mapema amevaa gomesi mpya. Ma Anatolia akamkaribisha punje za kahawa za kutafuna, akamnywesha chai, akamshukuru sana, akamsindikiza mpaka barabarani. Mtoto akabaki ndani. Datius akauliza kulikoni. Ma Anatolia akaja akakaa karibu yangu, akaniambia nishike kalamu niandike hivi alivyosema, nisipunguze wala kuongeza:

"Restituta, mlango ule nilioufunga mimi nimeufungua mimi. Mtoto yuko ndani na hatoki, hata mwezi upite, mpaka uje umtoe wewe kwa mikono yako."

Usijibu barua hii, Shangazi. Chukua mfuko upande gari.

Kokugonza